Nimelala kwenye tope siku mbili kujifunza shabaha na kusimuliwa vita vya 1775 (uzi mrefu, chukua kiti)

#1 Kuruta Mstaafu

Wakuu, salaam.

Naandika viwiko vyangu vyote viwili vikiwa vimechubuka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Wikiendi iliyopita nilikuwa kwenye uwanja mmoja wa shabaha huku Ohio, kwenye mafunzo ya siku mbili yanayoitwa Project Appleseed. Wakufunzi wake wanajitolea, hawalipwi. Kilichonivuta ni kwamba wanafundisha mambo mawili kwa mpigo: kulenga bunduki, na kisa cha siku moja tu ya historia ya Marekani, tarehe 19 Aprili 1775, siku vita vya kujitoa mikononi mwa Mwingereza vilipoanza. Mnapiga, bunduki zinawekwa chini, mnavuta viti vya kukunja, mzee mwenye kofia nyekundu anasimulia huku mnatafuna mikate yenu, kisha mnarudi kulala kifudifudi. Mwaka huu, 2025, imetimia miaka 250. Tarehe 19 yenyewe iliangukia Jumamosi ya Pasaka, na mama watoto asingenielewa, nikachukua wikiendi iliyofuata.

Nilikwenda na kiburi, niseme ukweli. Nimepita JKT. SMG nimeibeba, nimekimbia nayo, nimeoga nayo ikiwa pembeni. Kazini nilikuwa najisifia hayo mpaka jamaa mmoja mtu mzima akaniambia: njoo nikuazime bunduki tuone. Akaniazima Ruger 10/22, ile inayopiga risasi ndogo za .22. Kwa macho ya kuruta wa SMG, hicho ni kitu cha kuwindia sungura.

Jumamosi asubuhi, kabla hujafundishwa lolote, unapewa karatasi wanayoiita Koti Jekundu, kwa sababu ndivyo walivyovaa askari wa Mwingereza. Ina vivuli vinne vya mtu, kila kimoja kidogo kuliko mwenzake, kama familia iliyojipanga kupigwa picha, na kando kuna kibao kidogo. Risasi 13: tatu kwa kila kivuli, na moja ya kibao. Kivuli kikubwa kinasimama badala ya mtu aliye yadi 100, cha pili 200, cha tatu 300, cha nne 400. Kibao ni yadi 250.

Matokeo ya kuruta wenu: yadi 100 zote tatu zimeingia. Yadi 200 moja. Yadi 300 hewa. Yadi 400 hewa. Kibao kisafi kama kilivyotoka kiwandani. Kushoto kwangu alikuwa binti wa miaka kumi na miwili, kaja na baba yake, ana nyaya za meno. Katoboa vyote vinne. Akaniangalia kwa huruma.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

#2 Kiroboto wa Mbagala

Nimeweka kambi hapa. Mkuu kula haraka.

#3 Mchokozi

Hii chai. Yadi 400 na .22? Hiyo risasi ingefika imechoka, unaidaka kwa mkono.

#4 Kuruta Mstaafu

Mchokozi, soma vizuri. Nimesema kivuli *kinasimama badala* ya mtu wa yadi 400. Karatasi zote ziko mita 25 kutoka ulipolala. Wamepunguza picha tu, ili mtu aliyeko yadi 400 aonekane mdogo vilevile kama angekuwa kule kweli.

Hesabu yake ni hii. Ukiweza kuziweka risasi zako zote ndani ya inchi moja na kidogo kwa mita 25, basi kwa yadi 100 zitatawanyika inchi nne hivi, kwa 400 inchi kumi na sita, na kifua cha mtu kinatosha humo. Upepo na kudondoka kwa risasi ni somo jingine. Lakini mkono mbaya haufichwi na ukaribu. Mimi nilikuwa mita 25 na bado nilikosa, kwa hiyo huna haja ya kunifukuza nipige mbali zaidi.

#5 Mama Wawili

Mleta mada, mtoto wa miaka kumi na miwili na bunduki? Na wewe unaona sawa tu? Huku kila mwezi tunasikia watoto wamepigwa risasi shule fulani.

#6 Kuruta Mstaafu

Dada yangu, hilo nami lilinikaa kichwani njia nzima. Nikuelezee nilichokiona, uamuzi utabaki wako.

Saa nzima ya kwanza hakuna aliyegusa bunduki. Kanuni ni nne, na tulizirudia mpaka zikawa kama wimbo: mtutu uelekee upande salama wakati wote, usijaze risasi mpaka uambiwe, kidole nje ya kifyatulio mpaka shabaha iwe machoni, na ya nne, hakikisha jirani yako anazifuata hizo tatu. Bunduki ikiwa chini, inachomekwa kijibendera cha plastiki kwenye chemba, pale risasi inapokaa, ili hata aliye mbali aone kwamba haina kitu. Watu wakienda mbele kubadilisha karatasi, hakuna ruhusa ya kuigusa, hata kuisogeza. Jamaa mmoja aliinama kuokota kofia yake karibu na kitako cha bunduki yake, akaitwa pembeni akaongeleshwa kwa upole kama mtoto wa madrasa. Na mtoto yeyote anaruhusiwa kupaza sauti ya kusimamisha upigaji akiona jambo, na wazee wote wanatii. JKT yetu hiyo haikuwepo, kuruta kumsimamisha afande!

Siasa za leo hairuhusiwi kuziingiza pale uwanjani. Habari za chama gani, rais gani, ukianza tu wanakurudisha 1775.

#7 Mwanachuo Texas

Mkuu, mimi niko na viza ya mwanafunzi, F-1. Naweza kwenda? Rafiki zangu wananiita.

#8 Kuruta Mstaafu

Usiende kwa kuambiwa na rafiki. Mimi nina grini kadi, kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, na sheria ya shirikisho inamruhusu mwenye grini kadi. Mwenye viza ya muda kama yako kwa kawaida *haruhusiwi* kumiliki wala kushika bunduki au risasi, hata ya kuazima, hata kwa dakika moja uwanjani. Kuna vighairi, kimoja kinahusu wenye leseni halali ya kuwinda, ila hilo kamuulize wakili wa uhamiaji. Kosa la hapo si faini tu, unaweza kufukuzwa nchini. Masomo yako ni ya thamani kuliko karatasi yenye matundu.

#9 Mwanachuo Texas

Ahsante sana mkuu, nilikuwa naenda Jumamosi hii.

#10 Kiroboto wa Mbagala

Umeokoa mtu. Sasa tuletee 1775, acha kula.

#11 Kuruta Mstaafu

Haya. Kwanza shabaha, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini historia iliniingia.

Jambo lililonivunja kiburi ni mkanda. JKT mkanda ni wa kubebea bunduki begani. Hawa wanaufunga kitanzi juu ya mkono wa kushoto, karibu na kwapa, wanaukaza, kisha mkono unapita chini ya bunduki na kiwiko kinakita ardhini moja kwa moja chini yake. Ukipatia, bunduki inakaa yenyewe. Huishikilii. Misuli inalala, mifupa na mkanda ndivyo vinavyobeba. Ukikosea, kama nilivyokosea nusu ya Jumamosi, mapigo ya moyo yanapanda kwenye mkanda na unaona shabaha inaruka-ruka kila moyo unapodunda.

Halafu kuna hili. Unalenga, unafumba macho, unavuta pumzi, unaitoa, unafumbua. Bunduki inaelekea wapi sasa? Kama imehamia kulia, ina maana mwili wako unataka kulia, na wewe ulikuwa unailazimisha kushoto kwa misuli. Dawa yake ni kuusogeza mwili. Bunduki unaiacha. Kiwiko cha kushoto kinabaki palepale kama mguu wa bikari, nyonga na miguu ndiyo inayozunguka. Fumba tena, fumbua tena. Nilirudia mara tano kwa risasi moja. Mkufunzi, mama mmoja mwenye sauti ndogo, alikuwa amepiga goti pembeni yangu kwenye tope akisema, tena, tena, tena.

Kisha wakatuweka wawili wawili. Mwenzako anakujazia yeye: ama risasi ya kweli ama ya bandia, hujui. Nikalenga, nikatoa pumzi, nikavuta. *Tk.* Ilikuwa ya bandia. Na mtutu ukashtuka kama mbuzi aliyeguswa na mvua! Risasi haikutoka, kishindo hakuna, ila bega langu lilishakimbia. Miaka kumi na tisa tangu niache SMG na mwili bado unaingoja ile teke. Yule mama akacheka kidogo, akasema bunduki hii haipigi mtu teke, wewe unapigwa na kumbukumbu.

#12 Afande Bila Nyota

Hapo kwenye risasi ya bandia umenikumbusha mbali. Watu wengi wanalaumu bunduki imepinda, kumbe jicho linafumba kabla ya mlio.

#13 Mchokozi

Sawa, nafuta neno chai. Endelea.

#14 Kuruta Mstaafu

Historia sasa. Wanaisimulia kwa mapigo matatu, kama kiberiti kinachochomwa mara tatu: Lexington, Concord, na njia ya kurudi Boston.

Mnajua ule msemo wetu, la mgambo likilia lina jambo. Kisa chote ni hicho. Jenerali Thomas Gage, gavana wa Mwingereza kwenye koloni la Massachusetts, alipata habari kwamba walowezi wa koloni hilo wamelundika silaha na baruti Concord. Usiku wa tarehe 18 akatuma askari kama 700 kutoka Boston chini ya Luteni Kanali Francis Smith wakaziharibu. Ilipaswa kuwa siri. Siri gani, na mji mzima unawaona wakipanda mashua! Taa mbili zikawashwa kwenye mnara wa kanisa la Old North kama ishara kwamba wanavuka maji. Paul Revere, mfua fedha, akavushwa mto Charles kwa mtumbwi, na William Dawes akapita njia ya nchi kavu.

Wale askari upande wa pili waliteremshwa kwenye kinamasi, maji magotini, wakasimama humo usiku wa Aprili wakingoja kugawiwa chakula. Hapo ndipo safari ya karibu maili 40 kwenda na kurudi inaanza, na viatu vimeshaloa. Mzee alipofika hapo, nami soksi zangu zilikuwa zimeloa, nikajikuta nawahurumia Waingereza.

Revere alifika nyumba waliyolala viongozi wawili, Samuel Adams na John Hancock. Mlinzi akamwambia asipige kelele, wenye nyumba wamelala. Akajibu, kelele mtazipata za kutosha, jeshi linatoka! Angalieni: hakusema "Waingereza wanakuja" kama inavyosemwa. Wakati ule wote walijiona Waingereza, ingekuwa kama mtu wa Iringa kupiga kelele "Watanzania wanakuja". Baadaye alikamatwa njiani na doria. Aliyefika Concord ni daktari kijana, Samuel Prescott, waliyekutana naye njiani tu.

Alfajiri, uwanja wa Lexington. Kapteni John Parker ana watu 77 hivi, yeye mwenyewe anakohoa kifua kikuu ambacho kitamuua kabla mwaka haujaisha. Mbele yao mamia ya wanajeshi wa kudumu wa mfalme. Wakaamriwa watawanyike, wakaanza kutawanyika, risasi ikalia. Ya nani? Hadi leo hakuna ajuaye. Moshi ulipotulia, wanakijiji wanane wamekufa na kumi wamejeruhiwa. Mwingereza mmoja tu ndiye aliyeumia.

Kati ya wale wanane alikuwapo Jonas Parker, binamu wa kapteni. Huyu alivua kofia akaiweka chini katikati ya miguu, ndani yake ameweka risasi zake na mawe ya gumegume ya kuwashia baruti, kwa sababu alikuwa ameapa hakimbii. Alipigwa akaanguka, akaendelea kujaza bunduki akiwa chini, wakammaliza kwa singe, kile kisu cha kufunga mdomoni mwa bunduki. Mzee aliposimulia aliivua ile kofia yake nyekundu akaiweka kwenye nyasi, akanyamaza. Ukumbi wa tope mzima ukawa kimya, hata yule binti wa nyaya za meno.

#15 Shangazi wa Mji Mkongwe

Wanaume tu? Wanawake walikuwa wanapika?

#16 Kuruta Mstaafu

Shangazi, nilijua utakuja. Kisa kilichonikaa kooni ni cha mwanamke.

Isaac Davis alikuwa fundi bunduki wa kijiji cha Acton, umri miaka 30. Nyuma ya nyumba yake alitengeneza uwanja wa shabaha, akawa anawafundisha wenzake, na kwa kuwa ni fundi, kikosi chake kilikuwa na masinge wakati wengi hawakuwa nayo. Asubuhi ile watoto wake walikuwa wagonjwa. Alitoka na kikosi, akasimama, akageuka kama mwenye neno, akamwambia mkewe Hannah awatunze watoto. Basi. Ukongweni Hannah aliisimulia asubuhi hiyo, kwamba aliona ana la kusema zaidi ila hakulisema.

Saa chache baadaye, daraja la Kaskazini, Concord. Walowezi kama 400 wako kilimani, wanaona moshi mjini, wanadhani mji unachomwa. Davis akaombwa kikosi chake kitangulie. Akasema hana mtu hata mmoja anayeogopa kwenda. Akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka pale darajani. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza waliamriwa kuwapiga askari wa mfalme, na askari wa mfalme wakakimbia.

Mchana maiti yake ikarudishwa nyumbani kwa Hannah.

#17 Shangazi wa Mji Mkongwe

Mmh. Nimejuta kuuliza kwa kejeli.

#18 Mwalimu wa Zamu

Naomba niingilie na swali la kitaaluma. Mleta mada, unalala siku mbili ujifunze kupiga yadi 400, halafu unasimuliwa vita ambavyo karibu hakuna aliyeweza kupiga yadi 100. Siku ile wengi walikuwa na gumegume za mtutu laini, magobore kwa lugha ya kwetu. Risasi inaingizwa kwa mdomo, inacheza ndani ya mtutu, ikitoka inakwenda inakotaka. Yadi 50 hadi 80, hapo ndipo mwisho wa kulenga mtu mmoja. Bunduki zenye mtutu uliochongwa mifereji ya msokoto zilikuwa mikononi mwa wawindaji wa Pennsylvania, Maryland na Virginia, na Bunge la makoloni liliagiza vikosi kumi vya watu hao tarehe 14 Juni 1775, karibu miezi miwili baada ya Lexington. Sasa hapo historia na shabaha zinaunganishwa kwa uzi gani?

#19 Kuruta Mstaafu

Mwalimu, umegonga penyewe. Niliuliza swali hilohilo Jumapili, kwa maneno mabovu kuliko yako.

Mzee hakukataa. Alisema ndiyo, siku ile walipiga risasi nyingi mno na nyingi zilikwenda na maji. Wale wa mifereji walikuja baadaye, Daniel Morgan akitembeza kikosi chake maili 600 kwa siku 21 kutoka Virginia hadi Cambridge, karibu na Boston. Kile kibao cha yadi 250 kwenye karatasi ni cha Morgan, wanasimulia kwamba ndiyo iliyokuwa shabaha ya watu wake. Na zile bunduki zilikuwa na ugonjwa wake: zinachelewa kujazwa kwa kuwa risasi inagongwa ikaze, na hazifungwi singe. Mwenye gobore anatoa tatu kwa dakika.

Kilichowaua Waingereza njiani kurudi ni wingi wa watu. Vijiji viliendelea kumwagika mchana kutwa, kila kona kuna kikosi kipya, ukuta wa mawe, mti, ghala. Kama si Lord Percy kuja na watu kama 1,000 na mizinga miwili kuwapokea Lexington, wasingerudi. Jioni hesabu yao: 73 wamekufa, 174 wamejeruhiwa, 26 hawajulikani walipo. Walowezi waliokufa ni 49.

Kwa hiyo mimi naona ule uzi una fundo pale, na wakufunzi wengine wanalipitia haraka. Bunduki niliyofundishwa si bunduki ya Jonas Parker. Ila nilipolala tena pale kwenye tope nikajaribu kufikiria kujaza kwa mdomo wa mtutu, chini, na nimeshapigwa, na mtu anakuja na singe, basi hiyo hesabu ya yadi ikanitoka akilini.

#20 Kiroboto wa Mbagala

Kuna babu yeyote? Hadithi bila babu haijakamilika.

#21 Kuruta Mstaafu

Yupo, tena wana kipindi kizima cha wazee hatari. Samuel Whittemore, kijiji cha Menotomy, siku hizi ni Arlington. Alikuwa na karibu miaka 80. Alijibanza nyuma ya ukuta na bunduki, bastola mbili na upanga. Jeshi zima linapita. Akapiga. Wakamfuata, akapiga za bastola, akachomoa upanga! Wakampiga risasi ya shavuni, wakamchoma kwa masinge, wakamwacha wakijua wamemaliza. Wanakijiji wakamkuta anajaribu kujaza bunduki. Aliishi mpaka 1793.

#22 Kiroboto wa Mbagala

Huyo babu ana kiapo.

#23 Ngozi Nyeusi Minnesota

Nimesoma yote kimya. Niulize ambalo kila mtu anazunguka. Mtu mweusi, gari lako, bunduki ndani, barabara za vijijini Ohio. Na unakwenda kusikiliza habari za uhuru wa watu waliokuwa na watumwa. Ulijisikiaje?

#24 Kuruta Mstaafu

Nitajibu yote mawili bila kuficha.

Gari: bunduki haikukaa kwangu. Mwenyewe aliibeba kwenye gari lake, imefungwa kwenye kasha, haina risasi, risasi ziko upande mwingine. Nilimwambia wazi kwa nini, akaelewa bila maelezo ya pili. Uwanjani tulikuwa watu ishirini na kitu, weusi wawili. Hakuna aliyenikosea adabu. Ila nilikuwa naangalia, na naamini unajua aina ya kuangalia ninayoisema.

La pili. Jumamosi chakula cha mchana niliuliza: kulikuwa na mtu mweusi pale Lexington? Mzee akajibu palepale bila kuangalia karatasi: Prince Estabrook. Mtumwa wa familia ya Estabrook. Alisimama kwenye mstari wa Kapteni Parker alfajiri ile, akapigwa begani. Katika orodha iliyochapwa ya waliokufa na kujeruhiwa jina lake limo, na pembeni wameandika kwamba ni mtu mweusi. Alipona, akarudi vitani, uhuru wake akaupata baada ya vita.

Nikamuuliza, aliambiwa nini ili asimame pale? Mzee akasema hakuna maandishi yake mwenyewe, hatujui alichofikiri. Nilimheshimu kwa kutobuni.

#25 Mwalimu wa Zamu

Niongeze hapo. Peter Salem wa Framingham, yeye bwana wake alimwachia huru ili ajiunge, akapigana mpaka kwenye mapigano ya Bunker Hill tarehe 17 Juni. Lakini usisahau upande wa pili: Novemba mwaka huohuo Lord Dunmore, gavana wa Mwingereza Virginia, alitangaza kwamba mtumwa wa mwasi akikimbilia kwake na kushika silaha yuko huru. Wengi walikimbilia huko. Ukiwa mtumwa, la mgambo lilikuwa linalia kutoka pande mbili.

#26 Ngozi Nyeusi Minnesota

Ahsanteni. Hili bandiko la Estabrook nalihifadhi. Watoto wangu wamefundishwa 1775 mara tatu shuleni na jina hili sijawahi kulisikia nyumbani.

#27 Mama Wawili

Mleta mada, ile karatasi ya mwisho ulipataje? Usitukimbie na historia.

#28 Kuruta Mstaafu

Nilitegemea mmesahau.

Mtihani wao una risasi 40: kumi umesimama, kwa dakika mbili, kumi umekaa au umepiga goti, kumi umelala, haraka, na kumi za mwisho umelala, polepole, dakika tano, hizo zinahesabiwa mara mbili. Alama zote 250. Ukifika 210 unapewa kitambaa cha kushona begani. Kwenye zile za haraka unaanza umesimama, unashuka, na katikati unabadilisha magazini, kile kikasha cha risasi, na sekunde zinakwisha. Mara ya kwanza niliangusha magazini kwenye tope nikaipangusa kwa suruali, muda ukaisha nikiwa nimepiga nne.

Jumapili mchana alama yangu bora ilikuwa 187. Yule binti 221. Alishonewa kitambaa chake hapohapo na baba yake, na sindano waliibeba kutoka nyumbani. Walikuja wakijua.

Mwisho kabisa wakatoa tena Koti Jekundu, risasi 13 zilezile. Yadi 100 tatu. Yadi 200 tatu. Yadi 300 mbili. Yadi 400 moja, na hiyo moja nimeizungushia kalamu. Kibao nilikiacha mwisho. Nikafunga mkanda, nikafumba macho, nikatoa pumzi, nikafumbua: niko kulia kidogo. Nikasogeza nyonga. Nikafumba tena.

Tulipokwenda mbele kutazama, yule mama mwenye sauti ndogo aliweka ncha ya kalamu juu ya tundu. Limekata ukingo wa kibao, nusu ndani nusu nje. Nikamuuliza, linahesabiwa? Akasema, wewe unasemaje?

#29 Mchokozi

Linahesabiwa.

#30 Afande Bila Nyota

Nje. Kuruta, rudi mwanzo wa mstari.

#31 Kuruta Mstaafu

Nimejiandikisha tena Oktoba, afande. Nimeshanunua vya kuvaa viwikoni.